Jibu la Paluku

Bwana jaji, umeuliza mara tatu
kwa nini sikukimbia pale Birere.

Chukudu yenye magunia manne ikishashika mteremko
haijui kukimbia, inajua kuanguka.
Nyuma yangu alitembea kijana mwenye bunduki,
akipiga mluzi,
kwapani kiatu kimoja cha mdogo wangu Kasoki.

Mchele ulikuwa wa Mama Kavira.
Ananijua. Aliwahi kunikopesha vikombe vitatu,
sijalipa.

Unasema mtu wa moyo wa kawaida angekataa.
Mlete, mheshimiwa.
Mpe chukudu yangu, mpe mteremko ule,
mpe kiatu, bado kina joto la mguu.
Nami nikae hapo juu kwenye kiti,
nimuulize mara tatu.

Ila Mama Kavira, kule nyuma,
hajaniuliza hata mara moja.