Pembe Nne za Shuka

Hapa Burnley mvua hainyeshi, hujikalia tu.
Saa kumi na mbili asubuhi tunaingia dobini,
chini ya hospitali, mabomba yakitoka jasho
kabla yetu.

Bernadette Ormerod, miaka kumi na tisa kwenye mashine ya tatu,
alijaza fomu ya kugombea ubunge.
Uzoefu wako ni upi? ilimuuliza fomu.
Akaandika: shuka.
Akafuta. Akaandika tena.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia
hujui kunguni wake.
Hawakumkumbuka dobi.
Hajavilalia vitanda vya wodi zile, lakini anajua
nani alitapika damu, nani alikesha akisubiri daktari,
wodi ipi wauguzi wamepungua,
maana kila siri hushuka na shuka.

Chama kikaweka mkutano wa mchujo Jumatano, saa nane mchana.
Saa nane mchana!
Nikamshikia zamu. Rukhsana akamwazima koti.
Nauli tulichanga kwa chenji za mashine ya chai.

Mpinzani alitoka London na begi la ngozi,
aliwahi kumbebea waziri mafaili.
Jina la mtaa wetu alilitamka kama ugonjwa.
Lakini alisema "watu wa kazi" mara kumi na nne
(Bernadette alihesabu, ni mazoea)
na ukumbi ukapiga makofi.
Yeye, alipoulizwa kuhusu uchumi,
alitaja bei ya sabuni, na mapumziko yaliyokatwa,
kisha dakika zake zikaisha.
Alipungukiwa kura kumi na moja.

Wiki ya tatu kijana akaja kututembelea, na mpiga picha.
Alivaa kizibao cha kung'aa kilichotoka paketini;
mikunjo yake tuliiona tangu mlangoni,
kukunja ndiyo kazi yetu.
"Niwasemee nini kule?" akauliza, kwa upole, sitamsingizia.
Bernadette akampa pembe mbili za shuka.
Akazishika kama aliyepakatishwa mtoto wa watu.
Rudi nyuma, akamwambia. Vuta. Sasa njoo.
Hakujua ni mkono upi unaotangulia.

Wakaondoka. Kamera, begi, vyote.
Mashine ya tatu ikaanza kutikisika.
Kura kumi na moja, nikawaza.
Humu dobini tuko ishirini na sita, zamu zote.
Wenye kadi ya chama: watatu.
Nilikunja, nikahesabu. Nikakunjua, nikahesabu upya.