Anueni

Mimi ni fundi umeme. Niliitwa nibebe betri.
Thuweiba alinipigia: kilo arobaini, gari halifiki,
angalia ngazi ya tatu, imeliwa na mvua.
Nikapanda nazo, mgongo unalalama,
hadi nyumba ya juu kabisa, mtaa wa udongo, Birkat al-Mawz.

Nyumba ya nani? Ya babu wa babu yake,
kwa mujibu wa hati iliyotafunwa na mchwa
na kwa mujibu wa shangazi.
Kuta tatu zimesimama. Wa nne umelala
kama ng'ombe aliyekataa kuinuka.
Dirishani, badala ya dirisha, kuna jabali.

Nilidhani sinema. Nikauliza, kitambaa kiko wapi?
Akacheka. Akachota vumbi la sakafuni,
vumbi lililokuwa dari,
akalirusha mbele ya lenzi,
na mwanga ukapata mwili.
Wallahi niliuona: mweupe, mnene kama shina la mtende,
umelala hewani, haukuegemea kitu.
"Sanamu ndiyo hii," akasema. "Picha ni ngozi yake tu."
Nimeuza balbu miaka ishirini na mbili.
Sikujua kwamba mwanga una tumbo.

Utepe wenyewe ulitoka kwenye kopo la samli.
Dakika nne. Wete, uani, mwaka ambao hakuna aliyeuandika.
Ami Muhenna alishika kamera kama anayeshika jogoo,
kwa hiyo Pemba nzima inatikisika.
Karafuu zimeanikwa mikekani.
Mwanamke anazigeuza kwa wayo.
Mtoto anapita na tairi, harudi.
Hayo tu.

Lakini juu ya udongo huu!
Mkeka ulikunjika pale ukuta ulipokunjika.
Uso wa mwanamke ukapasuka penye ufa,
jicho moja huku, la pili kwenye mtende wa jirani.
Mtoto na tairi lake akafika mlangoni,
na mlango haupo, uliuzwa Mutrah zamani,
akatoka. Akaenda kuangukia jabali,
mbali mno, hafifu mno,
nami nikajikuta nautazama mlima, namtafuta.

Huko waliitwa Wamanga.
Waliporudi huku wakaitwa Wazinjibari.
Bibi yake Thuweiba, alipokuwa Wete, alisimulia falaji;
alipoletwa kwenye falaji akasimulia Wete,
matope yake, konokono wake,
hata ukimwomba maji anakuletea kisa.

Usiku ule Bi Ghanima, ndiye shangazi, miaka themanini na kitu,
aliyekuja kwa kulazimishwa, goti linamuuma,
aliinuka kitini. Akavua kiatu.
Akaingia ndani ya picha
na kuanza kugeuza karafuu.
Alipokanyaga pakawa na tundu jeusi la umbo lake,
karafuu zikampanda gaunini, mgongoni, hadi kwenye mtandio,
na yule mwanamke wa utepe naye anageuza,
wayo kwa wayo, kama waliogawana zamu.
Thuweiba alisahau kurusha vumbi.
Bi Ghanima akanusa. Akatazama juu: nyota tupu,
hakuna wingu toka Nizwa hadi Sur.
Akasema, kwa sauti ya mtu mwenye kazi nyingi,
"Anueni. Mvua inakuja."

Na mimi, mzaliwa wa Ruwi,
ambaye sijapata kuuona mkarafuu,
niliinama nikashika ncha ya mkeka.
Ulikuwa udongo. Ulikuwa mwanga.
Nilishika hivyo hivyo.

Betri ikafa saa nne na robo.
Tuliteremka kwa tochi, mimi na kilo zangu arobaini,
ambazo, nisitie chumvi, hazikupungua hata moja.
Nyumbani mke wangu alilikung'uta shati langu mlangoni,
akauliza, vumbi la wapi hili?
Nikamwambia acha.
Usilifue bado.