Safu ya Faida

Ofisi ya elimu imeleta fomu.
Safu ya kwanza: idadi ya wanakwaya. Thelathini na wanane.
Safu ya pili: vifaa. Nimeandika: ngoma moja,
ngozi imelegea, huanikwa juani kabla ya zoezi.
Safu ya tatu: faida.
Imeachiwa mistari miwili.

Nianze wapi?

Na Mbodze wa darasa la nne,
ambaye tangu Januari, nikiita majina,
aliitikia kwa kidole?
Sauti ya pili ilimmeza katikati yao,
na siku moja, kwenye hesabu, nikasikia nyuma yangu:
"Mwalimu, hapo ni sita."
Kweli nilikuwa nimekosea.

Au Bwanaheri na Changawa,
ambao kwao wanagombania mpaka wa kiwanja
hadi kuku wa huku havuki kule?
Niliwasimamisha bega kwa bega. Si hekima,
wanalingana kimo tu.
Mmoja akipaza mno, mwenziwe humkanyaga kidole.
Ndio mkataba wao. Haujavunjwa.

Wimbo wetu wa tamasha una noti moja ndefu,
mipigo kumi na sita.
Hapa Muyeye hakuna kifua cha mtoto kinachoifikisha mwisho.
Nikawafunza hila:
msivute pumzi pamoja.
Ukiona unaishiwa, nyamaza, vuta taratibu,
jirani atakushikia;
kisha urudi polepole,
kama aliyechelewa swala akatafuta pengo kwenye safu.
Anayesikiliza hatajua ni nani aliyekuwa kimya.

Juma lililopita Kahindi alirudi shule
kichwa kimenyolewa. Hatukumuuliza.
Alisimama mahali pake, mstari wa nyuma,
kando ya dirisha lenye kioo cha ufa,
akafungua mdomo.
Hamna.
Noti ndefu ikaja, ikampita.
Nilimwona Changawa akisogea nusu hatua,
mishipa ya shingo imemtoka,
akiimba kwa wawili.
Jumatatu vilevile. Jumanne.
Jana, kwenye mpigo wa kumi na moja hivi,
kitu kikaingia chini ya sauti zote,
kikavu, kizito, nje kidogo ya tuni.
Sikusimamisha.
Nilikodolea ukuta macho, mkono ukiendelea kuhesabu.

Sasa nimekaa na kalamu.
Mwalimu mkuu anaitaka fomu kabla ya saa nane,
bodaboda wa kuipeleka mjini yuko getini, honi haimtoki mkononi.
Kwenye mistari miwili nimeandika:
Watoto wamejifunza kupumua kwa zamu.

Amesoma mara mbili, miwani imeteremka puani.
"Bi Mwanakombo, hii ni faida, au ni nini?"

Ngoma bado iko juani.
Kule darasani
wameanza bila mimi.