Kijiko cha Ugoro

Vijiko kumi na viwili, kisanduku cha mahameli
iliyoliwa na nondo mpaka ikaota vipara.
Babu Chilongani aliachiwa Kongwa,
karanga ziliposhindwa na Mzungu wake akafunga mizigo.
"Hii ni fedha," aliambiwa,
na tangu siku hiyo akatembea kama mtu mwenye akaunti.

Kwetu neno ni hilo hilo: fedha ya kijiko, fedha ya ada.
Kila shida ilipobisha hodi,
njaa, mguu wa baba, paa lililong'olewa na upepo,
tulisema, "Vijiko vipo."
Vilikuwepo. Tulishiba kwa kuvijua.

Leo kaka Mbeho kavileta mjini, Barabara ya Saba,
kwa sonara Abtwalib, Mrangi wa Kondoa,
miwani yake imefungwa uzi.
Akakining'iniza kimoja, akakigonga kwa ukucha.
Mlio ukafa upesi, kama mtu aliyekatizwa.
Akakigeuza.
"E, P, N, S. Hapa angekuwepo simba,
anatembea, mguu mmoja juu. Hayupo.
Hivi vimechovywa. Nguo ni fedha, mwili ni shaba na nikeli."
Na sumaku?
"Sumaku haina kesi na yeyote kati yao."

Akapitisha tupa mpinini, akadondosha tone la tindikali.
Likachemka kijani,
kijani cha mtama wa wiki ya kwanza.
Nilimwona Mbeho akihesabu bati, zikiruka moja moja.

Mimi nilikuwa kwenye kijiko cha tisa.
Ukingo wake wa kulia umelika, njano inachungulia.
Mama alikuwa mashoto.
Babu alikataza mtu kuvigusa;
basi ni uji wa nani aliokoroga usiku,
mwaka ule nilipougua surua?

Nikafungua pochi. Kile cha bibi Nyemo,
alichookota jalalani kwao Wazungu,
akachotea ugoro miaka arobaini:
kidogo kama ulimi wa mwanambuzi, cheusi tii.
Hakuna aliyewahi kukihesabu.
Abtwalib akakisugua kwa kidole gumba.
Akavua miwani, akaivaa tena.
"Simba huyu hapa."

Mbeho akasimama. "Kiasi gani?"
Mizani ikasema gramu nane.
"Haifiki bati moja," alisema sonara, na hakucheka.

Nikakirudisha mkononi, nikakisogeza puani.
Bado kinanuka bibi.
Nikapiga chafya.