Ukurasa wa Nyuma wa Daftari la Kemia

Mbele palikuwa na asidi na besi,
tarehe, na jina langu: Kilonzo, Kidato cha Tatu Magharibi.
Nyuma palikuwa na ufalme.

Nililikodisha shilingi tano kwa kipindi,
au nusu mandazi, mradi halijaumwa.
Lilitoka dawati la dirishani saa mbili,
likapita maabara, likapita foleni ya githeri,
likarudi saa kumi na alama za vidole vya parachichi,
huku Barabara ya Jogoo ikipiga honi nje ya ua.

Kisa hakikuwa kigeni.
Syombua, nahodha wa mdahalo.
Kwamboka, ambaye pia alisema ni nahodha wa mdahalo.
Katikati yao Odero,
kichwa nilichokichora kama kiazi cha Soko la Burma,
kitana mfukoni, na nywele hana.

Fremu ya kwanza: Syombua anampa Odero maji uwanjani.
Fremu ya pili: Kwamboka anampa maji yenye glukosi.
Fremu ya tatu: Odero amekunywa yote,
amekwenda msalani,
na mpira unaingia lango lisilo na mtu.

Kisha viputo. Hapo nilijiona bingwa.

Cha kushoto, Syombua:

*Kwamboka huoni haya, marinda umepandisha,*
*Odero si uji, yaya, kila meza kuzungusha,*
*Kwenye hoja unapwaya, maneno wababaisha,*
*Kimbilia kule kwaya, sauti kurekebisha.*

Cha kulia, Kwamboka, mkono kiunoni:

*Syombua wewe sikia, nakupa dawa bilashi,*
*Waraka lomwandikia, aliwashia mapishi,*
*Kalamu yako yalia, tahajia ni ubishi,*
*Odero akikimbia, ni kwa kuogopa moshi.*

Jumatatu Syombua aliniletea soseji yenye kachumbari.
"Nishinde," akasema.
Jumanne Kwamboka alileta sambusa mbili, za nyama, si za viazi.
"Aanguke mtaroni."
Jumatano wakaanguka mtaroni wote wawili.
Alhamisi nilikuwa naumwa tumbo.

Odero naye akaja, sauti ya chini:
"Kaka, masikio yangu si hivi."
Akatoa shilingi kumi niyapunguze.
Nikapunguza moja.

Bi Nekesa, naibu wa mwalimu mkuu, alilinasa daftari
katikati ya chumvi na maji.
Mchana kutwa chumba cha walimu kilicheka,
nasi tukasikia kikombe kikivunjika.
Ijumaa likarudi na wino mwekundu:
*Kiputo cha nne, sahihisha.*
*Miwani yangu si magurudumu ya trekta.*
*Upuuzi huu ukome leo.*
Na chini kabisa, herufi ndogo:
*Hatimaye nani alimpata?*

Nilitaka kujua pia.
Nikawakuta nyuma ya tangi la maji,
mkate mmoja, daftari moja, mabega yamegusana,
Syombua akimsomea Kwamboka matusi yake mwenyewe
na Kwamboka akijipiga paja.
Odero alipita na chupa yake ya maji.
Akakohoa. Akapita tena.
Hakuna aliyeinua macho.

"Wewe," Kwamboka akaniita. "Keti hapa."
Akafungua fremu ya mwisho, niliyoiacha tupu.
"Watu wote wa shule hii wamo. Wewe uko wapi?"
Nikasema mchoraji haonekani.
Akacheka, akaninyang'anya peni,
akachora mvulana mwenye pua kama koleo,
amekaa dirishani, shingo imepinda
kama mtu aliyesahau ubao uko upande gani.
Anamtazama nani, hakuchora.
Alichora mshale tu, unaotoka nje ya karatasi,
unakatiza goti langu,
unakwenda alikokaa yeye.

"Mwekee kiputo," Syombua akasema.
Akaweka. Ndani hakuandika kitu.

Nikaomba daftari langu.
Kwamboka akalikalia,
akanyoosha kiganja:
"Shilingi tano."