Jibu kwa Barua ya Kodi, Kutoka Namhae

Bwana Afisa,
barua yako imefika Jumanne, imelowa pembeni.
Tarishi aliificha kifuani mvua ilipomkuta
kwenye kona ya mashamba ya vitunguu saumu.
Kurasa kumi na moja. Nimezisoma kwa miwani mbili,
yangu, na ya marehemu juu yake.

Unasema nadaiwa malimbikizo ya miaka minne.
Unasema pensheni yangu, hata ikiliwa huku Korea,
kitovu chake kimezikwa kwenu.

Sikatai.
Nilishuka Ujerumani nina miaka ishirini na miwili.
Husemwa mgeni siku ya tatu mpe jembe;
mimi nilipewa beseni usiku wa kwanza,
nikaosha mgongo wa mzee mmoja, mchimba makaa,
jina lake lilinishinda,
na langu hakulijaribu. Aliniita Wewe.
Miaka thelathini na minane ya zamu, Bwana Afisa,
na kila mwezi, upande wa kulia wa karatasi ya mshahara,
makato.
Sikuuliza. Kodi niliiona kama mvua,
humnyeshea mwenye nyumba na mpangaji pia.

Sasa ndiyo nauliza.
Mpwa wangu Gyu-seok amenisomea mkataba.
Kumbe nchi mbili zilikaa mezani zikanigawa
kama kuku wa sikukuu: huku paja, kule kidari,
shingo nikaachiwa mwenyewe,
na firigisi hakuna anayejua ilikokwenda.

Asiye mkazi, umeandika, hana kiwango cha msamaha,
hukatwa tangu senti ya kwanza.
Lakini ukurasa wa saba una mlango wa uani:
naweza kuomba nihesabiwe
*kana kwamba* naishi kwenu.

Hapo nilicheka mpaka paka akatoka nje.

Miaka yote ile nilipoishi kwenu kweli,
nikipanga foleni ya kibali alfajiri, theluji viatuni,
mlinihesabu kana kwamba napita tu.
Sasa nimeondoka, mnataka muhuri
kwamba ni kana kwamba sikuondoka.
Nami hapa nakaa kijiji cha paa nyekundu,
tumejijengea, wauguzi wastaafu na wachimba migodi,
Jumamosi watalii hupiga picha madirisha yetu
kana kwamba wamevuka bahari.
Hilo neno nalijua, Bwana. Nimelala nalo kitanda kimoja.

Muhuri nitautafuta. Basi ni mara mbili kwa siku.

Jambo la pili.
Bahasha ina majina mawili.
Detlef alifariki mwezi wa mavuno, mwaka juzi,
amelazwa juu ya barabara, anatazama maji
aliyoyaogopa.
Kikorea chake kilikuwa maneno tisa,
sita kati ya hayo bei ya dagaa.
Fomu inauliza: mnaishi nyumba moja?
Nimeandika NDIYO, kisha nikakata.
Naomba mstari ule usihesabiwe udanganyifu.
Kalamu ilitangulia.

Sehemu ya pensheni yake niliyorithi nayo mnaitoza,
nimeona, ukurasa wa tisa.
Sawa. Alikuwa dereva wa tramu, mtu wa kufika kwa saa;
angelipa kabla chai haijapoa,
kisha angelalamika mpaka Pasaka.
Mimi nitalipa kwa awamu sita,
ya kwanza vitunguu vikishauzwa,
na malalamiko yangu ndiyo haya, yote,
hakuna mengine yanayokuja kwa posta.

Risiti nitumie kwa jina langu peke yake.
Mmeliandika sawasawa safari hii, nimelikagua,
herufi zote zipo, na kistari chake katikati.
Imewachukua miaka hamsini
na deni.

Pyo Mal-sun,
si mkazi.