Kifaa cha Kumi na Saba

Uliingia, Aminieli Nnko, na boksi la sabuni,
ndani yake chujio, umelifunga kwa khanga ya mama yako.
Ukaliweka mezani pangu, hapa Tengeru,
juu ya fomu ya kurasa sita
inayouliza ukomavu wa teknolojia, moja hadi tisa,
soko, hakimiliki, uwezo wa kukua.
Haiulizi kama mtoto wa darasa la pili
atacheka bila kuziba mdomo.

Mimi nimezoea kuziba.
Nimezaliwa Maji ya Chai, nikanywa nilichopewa,
meno yakachukua rangi ya mlango wa zamani.
Mlima Meru, mzuri kwenye kalenda,
hutuletea floraidi ndani ya maji maangavu:
huioni kwa jicho wala kwa ulimi,
utaiona miaka saba baadaye, kwenye picha ya shule.

Kadi yangu imeandikwa Mbaini wa Teknolojia Chipukizi.
Mama huwaambia majirani: yule anayekagua ndoo.

Ndoo kumi na sita kabla yako.
Moja ilitoka ng'ambo, inang'aa kama kisu cha keki ya harusi,
ikataka umeme usiokatika.
Nyingine ilisafisha kila kitu, na mfuko pia.
Ya mkaa wa mifupa ilifanya kazi vizuri,
mpaka shehe na mzee wa kanisa, kwa wiki moja,
wakauliza: mifupa ya mnyama gani?
Tukatazamana.

Yako ni udongo mwekundu uliochomwa
na kitu unachokiita siri.
Tukaipeleka Ngarenanyuki, jikoni kwa Nanyori.
Siku ya kwanza yaliingia tisa, yakatoka nukta tatu.
Ulipiga kofi. Moyo wangu nao uliruka,
sikukuonyesha.
Siku ya ishirini, nukta nane.
Siku ya arobaini na moja, nne.
Na maji yaleyale maangavu, ladha ileile,
Nanyori akiyachota kwa imani
kupikia wajukuu uji.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Mimi nalipwa kukitafuta kidonda.
Siku ya uzinduzi, yenye utepe na soda,
waachie wapiga picha.
Mimi naisubiri siku kifaa kinapochoka
na hakuna anayejua,
hata chenyewe.

Niliandika nne kati ya tisa.
Ulikunja khanga bila kunitazama,
ukapanda bodaboda, boksi mapajani kama mgonjwa.
Bosi akauliza: yule kijana ana kitu?
Nikasema: bado.
Neno hilo halina kisanduku kwenye fomu.
Nililiandika pembeni, kwa penseli.

Miezi mitatu. Mahindi yamekomaa, yamevunjwa.
Leo, saa kumi na moja alfajiri, ujumbe wako:
"Dada, nimeweka vali. Kikichoka kinajifunga.
Tone halipiti."
Nimecheka peke yangu gizani, meno yote nje.

Kisha nikamwona Nanyori mbele ya bomba lililogoma,
moto umeshika, watoto wamevaa sare,
na mto uko hatua mia mbili,
hauna vali, haujawahi kumfungia mtu.

Basi Alhamisi nakuja
na chupa ishirini na nne na kalamu isiyofutika.
Fomu nitaiacha ofisini.
Nina swali moja tu, nimeliandika nyuma ya risiti ya mafuta:
kikijifunga asubuhi, udongo mpya utaletwa na nani,
kwa baiskeli ya nani,
na atafika kabla uji haujataka maji?

Usinijibu kwa simu.
Nijibu huko, nikiwa nimeshika kikombe.
Nitakunywa mimi kwanza.
Sina cha kupoteza mdomoni.